Asiyejua Afanywe Nini?

Kila chemsha bongo ina maswali mawili. La kwanza husikika: nani anajua? La pili halitamkwi, lakini ndilo linaloupa mchezo sura yake: asiyejua afanywe nini? Mwaka 2010 BBC ya Uingereza ililijibu hilo la pili kwa kishindo. Katika kipindi cha 101 Ways to Leave a Gameshow, kilichoendeshwa na Steve Jones na kurekodiwa Argentina, washiriki wanane waliwania pauni 10,000, na kila aliyekosa aliondolewa kwa kituko: kurushwa, kuburutwa, kuporomoshwa kutoka mnarani hadi majini. Huku Busia na Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, watoto wanaotegeana vitendawili wana jibu lao: asiyejua atoe mji.

Utaratibu wake unajulikana. Mtegaji hutangaza “Kitendawili!”, wenzake huitika “Tega!”, naye hutega, tuseme: “Nyumba yangu haina mlango.” Wakibahatisha wakakwama, anadai mji. Hupewa Nakuru, au Mombasa, au wowote atakaouridhia. Kisha hujigamba jinsi alivyofika huko, akakaribishwa, akala akashiba. Hapo ndipo anapofichua kwamba ile nyumba isiyo na mlango ni yai. Mtoto wa Busia huukuta utaratibu huu katika Kiswahili cha shuleni. Akivuka na kuketi na wasemao Kiganda, atasikia mtegaji akiita “Koyi koyi!” na kuitikiwa “Lya!”, na walioshindwa wakimpa kijiji akitawale. Malipo yanafanana, ila heshima anayopewa mshindi si ile ile. Kwa Kiswahili yeye ni mgeni anayekirimiwa. Kwa Kiganda ni mkuu anayekabidhiwa watu. Naona kila jamii imempa mshindi kile ilichokithamini: Waswahili, watu wa miji ya biashara, walipima hadhi kwa ukarimu; Buganda, ufalme ambamo mfalme, Kabaka, aligawa vyeo na ardhi, iliipima kwa utawala.

Mpakani mzaha huu wa kutoa miji una uzito zaidi. Mwaka 1902 Waingereza waliitwaa sehemu ya mashariki ya Uganda wakaiunganisha na himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Wasamia na Wateso wangali wanaishi pande zote mbili za mstari huo. Mtoto wa Malaba anayeitoa Tororo kwa sababu fumbo limemshinda anachezea madaraka yale yale ya kugawa miji kwa kauli, ila kauli yake haimhamishi mtu.

Kipindi cha Uingereza, kinyume chake, kilimhamisha mtu mzimamzima. Washiriki walipewa orodha ya majibu ambamo moja lilikuwa la uongo. Kila mmoja akachagua lake, wote wakafungwa mikanda, kisha mwenye jibu la uongo akaondoka kwa kasi huku wenzake wakibaki palepale. Upo werevu katika mpango huo, na haufai kubezwa. Katika kitendawili mshindwa hulipa kwanza ndipo jibu litolewe. Hapa kuondoka kwake ndiko kunakolitangaza jibu. Wala hakudhalilishwa kwa ujinga wake. Maswali yalitegemea bahati kiasi kwamba mtazamaji alicheka kituko bila kumdharau mtu, na aliyeondoka ndiye aliyekumbukwa. Mwaka 2011 Marekani ilipata toleo lake, na mwaka huohuo NBC ikaleta Who's Still Standing?, mchezo wenye asili ya Israeli ambamo sakafu ilifunguka chini ya miguu ya aliyeshindwa.

Wajapani walikuwa wamekwisha kuifikisha mbali sanaa hii. Tangu 1977 kituo cha Nippon Television kilitangaza shindano la kuvuka Marekani kwa maswali, maarufu kwa jina la Ultra Quiz. Umati ulichujwa Tokyo, waliosalia wakasafiri kituo kwa kituo kuelekea New York. Kule Guam mshiriki alikimbia na kulipasua bango la “kweli” au la “si kweli”: nyuma ya moja palikuwa na godoro, nyuma ya jingine tope. Aliyetolewa alitumikia adhabu ya kuchekesha kabla ya kurudishwa nyumbani. Waingereza walimwondoa mshindwa kwa kufumba na kufumbua; Wajapani walibaki naye kidogo, wakamuaga kwa kicheko.

Si kila televisheni imependa tope na minara. Katika The Weakest Link, iliyoanza BBC mwaka 2000, adhabu ilikuwa ulimi: wenzako walikupigia kura, kisha mwendeshaji, Anne Robinson, akakuaga kwa kejeli. Katika shindano la vyuo vikuu la Celtel Africa Challenge, lililoanza 2007 chini ya John Sibi-Okumu, Mkenya, hapakuwa na kituko wala kejeli. Timu iliyozidiwa alama ilikwenda zake na jina la chuo chake. Kwa mwanafunzi, hilo huenda lilikuwa zito kuliko kutumbukia majini.

Ukiziweka desturi hizi pamoja, tofauti kubwa haiko katika ukali wa adhabu. Iko katika kinachompata mshindwa baada ya adhabu. Televisheni hukusanya watu wasiojuana kwa siku ya kurekodi, nayo lazima ipunguze idadi yao mpaka abaki mmoja. Kumwondoa mtu ndiyo kazi yake, na kilichobaki ni kuchagua namna. Watoto wa vitendawili watakutana tena kesho. Wakimfukuza kila asiyejua, usiku mmoja utamaliza wasikilizaji wote, na mtegaji atabaki na mafumbo yasiyo na wa kuyategua. Kwa hiyo humtoza mshindwa kitu asichokuwa nacho, wakamwacha aketi palepale.

Tena hapo alipo hupata faida ambayo hakuna mnara unaoitoa. Mji alioutoa umemnunulia jibu, na jibu hilo sasa ni lake: kesho atamtega nalo mwingine, adai mji wake.