Bomba Lipi, Ghorofa ya Ngapi?

Majaji wa London wa karne ya 19 hawakuzipenda kesi za ujenzi. Mkandarasi anadai malipo ya kazi ya ziada. Mwenye jengo anajibu kwamba paa linavuja, lipu imebanduka na milango haifungi. Kila dai lina hesabu yake, na kesi moja inaweza kuwa na madai kwa mamia.

Basi Sheria ya Mahakama ya 1873 ikaweka waamuzi rasmi, wapelekewe kesi zenye nyaraka tele, mahesabu marefu au mambo ya kitaalamu. Hawakuwa majaji kamili wa Mahakama Kuu, na kwa miaka mingi kazi yao ilidharauliwa. Lakini uwakili wa ujenzi ulikulia hapo hapo. Mwaka 1891 wakili Alfred Hudson alitoa kitabu chake cha mikataba ya ujenzi, na 1955 Donald Keating akatoa chake. Vyote viwili vimeendelea kuhaririwa na kutolewa upya na mawakili wa vizazi vilivyofuata.

Mchango mkubwa kuliko yote, hata hivyo, ulikuwa karatasi iliyopigwa mistari. Inaitwa Jedwali la Scott, kwa jina la mwamuzi rasmi George Scott. Safu ya kwanza ni namba. Inafuata kasoro yenyewe, tuseme bomba la bafuni linalovuja ghorofa ya tatu, kisha gharama ya kulirekebisha kwa hesabu ya mlalamikaji. Pembeni yake upande wa pili unaandika jibu lake na bei yake. Safu ya mwisho huachwa wazi kwa ajili ya mwamuzi.

Mbele ya jedwali hilo wakili hana pa kujificha. Kusema kazi ilikuwa mbovu hakutoshi. Ataje bomba lipi, liko wapi, na litakula pauni ngapi. Ndiyo maana wakili mwandamizi wa fani hii, hata akiwa na joho la hariri la Wakili wa Mfalme, hukaa kwanza na wahandisi na wakadiriaji majenzi, akajifunza jengo kabla ya kulisemea. Ni kazi ya unyenyekevu, na inastahili heshima kubwa zaidi.

Jedwali halikuponya ucheleweshaji. Wakandarasi wadogo waliumia wakisubiri fedha zao. Baada ya ripoti ya Michael Latham ya 1994 kuhusu sekta ya ujenzi, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya 1996, iliyoanza kutumika Mei 1, 1998: mgogoro upelekwe kwa mwamuzi wa nje ya mahakama, naye kwa kawaida aamue ndani ya siku 28. Fedha zilipwe kwanza, ubishi uendelee baadaye. Oktoba mwaka huo huo mahakama ya waamuzi rasmi ikawa Mahakama ya Teknolojia na Ujenzi, chini ya Jaji Dyson. Mwaka 1999, katika kesi ya Macob dhidi ya Morrison, Dyson aliamuru uamuzi wa mwamuzi wa nje ya mahakama utekelezwe ingawa uhalali wake ulikuwa ukipingwa. New South Wales ilitunga sheria yake ya malipo mwaka huo huo, New Zealand 2002 na Singapore 2004.