Makaburi ya Wageni wa Tengeru

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Tanganyika ilipokea wageni ambao hawakuwa watawala, wala walowezi, wala wafanyabiashara. Walikuwa wakimbizi kutoka Poland, wengi wao wanawake na watoto. Kambi zao zilikuwa Morogoro, Kondoa, Ifunda, Kidugala, Kigoma na Tengeru. Sisi wa Kilosa na Mikumi tuko katikati ya ramani hiyo: Morogoro upande mmoja, Ifunda upande wa pili, na Reli ya Kati inayokwenda Kigoma inapita mlangoni petu.

Safari yao ilianza mwaka 1940, Umoja wa Kisovieti ulipowakamata mashariki mwa Poland na kuwapeleka Siberia na Kazakhstan. Tarehe 30 Julai 1941 serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni ilitiliana saini na Moscow mkataba uliowafungulia njia ya kutoka. Mwaka 1942 watu takriban 115,000, askari na raia, walivuka kwenda Iran. Askari wakaenda vitani. Raia wakatafutiwa hifadhi katika makoloni ya Uingereza, na maelfu wakaletwa Afrika Mashariki na Kusini.

Tengeru, karibu na Arusha na ziwa Duluti, ikawa kambi kubwa kuliko zote. Ilifikia watu wapatao 5,000, waliokaa katika vibanda vya msonge vilivyoezekwa kwa majani. Walilima, walifuga, walifungua shule na hospitali. Walikuwamo Wakatoliki, ambao ndio walikuwa wengi, na pamoja nao Waorthodoksi na Wayahudi, na kila kundi lilisali kwa desturi yake.

Malaria iliwakuta na miili iliyokwisha kuchoshwa na njaa ya Siberia. Waliofariki walizikwa pembeni mwa kambi, makaburi yapatayo 150. Mengi yana misalaba. Lakini hata Wayahudi waliofia huko wamelazwa katika ardhi hiyohiyo, ndani ya uzio mmoja na wenzao wa safari.

Vita ilipokwisha, wengi hawakuweza kurudi kwao: vijiji vyao vilikuwa vimeingizwa katika mipaka ya Umoja wa Kisovieti. Wakatawanyika Uingereza, Kanada na Australia, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 kambi ikafungwa. Vibanda vikabomoka, ardhi ikapewa taasisi za kilimo na mifugo. Makaburi mengi yakabaki bila ndugu wa kuyazuru.

Kwa marehemu wa Kiyahudi upweke huo ulikuwa mzito zaidi. Wakatoliki walikuwa na parokia jirani. Nairobi, Wayahudi walikuwa na jumuiya tangu 1904 na sinagogi tangu 1912, kwa hiyo wafu wao walikuwa na watu wa kuwasimamia. Tengeru hapakubaki jumuiya ya namna hiyo. Na kwa dini yao, kaburi ni mahali pa kudumu. Halihamishwi ila kwa sababu kubwa mno.

Kilichoyaokoa makaburi ya Tengeru ni majirani. Watanzania wasio na undugu na marehemu walifyeka nyasi, wakafagia, wakalinda mawe yenye majina. Baadaye serikali ya Poland ikagharimia ukarabati, na wajukuu wa wakimbizi wakaanza kuja kuyatafuta majina ya jamaa zao. Wangekuta nini, kama watu wa hapo wangeamua kwamba maiti ya mgeni si kazi yao?

Swali hilo linatuhusu. Wilaya ya Kilosa ilipitiwa na wajenzi wa reli, na askari wa vita ya 1914 hadi 1918, ikakaliwa na Wagiriki wa mashamba ya katani ya Kimamba na wafanyabiashara wa Kihindi, ikapokea na vibarua waliotoka mbali kuja kukata mkonge. Watu wa namna hiyo hufa, na huzikwa walipofia. Mzee anayejua nani kalala wapi akiondoka, shamba hulimwa juu ya kaburi bila mtu kukusudia ubaya.

Naomba kila kijiji kiwe na daftari la makaburi yasiyo na wenyewe: mahali kaburi lilipo, jina likisomeka, na yale wazee wanayoyakumbuka. Halmashauri iyaonyeshe katika ramani kabla ya kugawa viwanja, na shule zipeleke vijana kufyeka mara moja kwa mwaka. Mgeni aliyefia kwetu tumeachiwa sisi, na heshima yake ni wajibu wetu.