Fahamu Uwanja wa Tahrir, Cairo: Kila mtawala na alama yake, wananchi na yao

Ukitaja Tahrir, wengi wanakumbuka picha za mwaka 2011: mahema, bendera, na maelfu ya watu wakimwambia rais aondoke. Lakini uwanja huu wa katikati ya Cairo, mji mkuu wa Misri, ulianza zamani sana kabla ya hapo. Kwa zaidi ya miaka 150 kila aliyeshika nchi ametaka kuweka alama yake hapa.

Jina limetoka wapi?

"Tahrir" ni neno la Kiarabu, maana yake ukombozi. Lina maana ya pili, kuhariri maandishi, na hiyo ndiyo iliyotupa "tahariri" tunayosoma magazetini. Wamisri wenyewe wanauita "Midan al-Tahrir". Hiyo "midan" ndiyo "medani" yetu.

Mwanzo haukuitwa hivyo. Uliitwa Ismailia, jina la Khedive Ismail aliyetawala kuanzia 1863 hadi 1879. Ismail alitembelea Paris mwaka 1867, akarudi akitaka Cairo nayo ipendeze vile vile. Akajenga mitaa mipya yenye barabara pana upande wa Mto Nile. Ila fedha nyingi alizotumia zilikuwa za mkopo, na madeni yale yakawa mojawapo ya milango waliyopitia Waingereza kuivamia Misri mwaka 1882.

Wanajeshi wa Kiingereza wakapiga kambi Kasr el-Nil, pembeni kabisa ya uwanja, wakakaa hapo mpaka 1947. Februari 21, 1946, waandamanaji waliotaka Waingereza waondoke walipigwa risasi hapo, na wapo waliokufa.

Julai 23, 1952, maofisa wa jeshi, akiwemo Gamal Abdel Nasser, walimpindua Mfalme Farouk. Baada ya hapo ndipo uwanja ukaitwa Tahrir. Palipokuwa na kambi ya mkoloni pakajengwa hoteli kubwa, iliyofunguliwa 1959, na makao makuu ya Jumuiya ya Nchi za Kiarabu.

Majengo ya kuyajua

*Makumbusho ya Misri:* Jengo la rangi ya waridi lililofunguliwa 1902. Januari 28, 2011, makao ya chama tawala yalipochomwa moto jirani yake, wananchi walishikana mikono kulizunguka ili lisiporwe. Aprili 2021 miili 22 ya wafalme na malkia wa kale ilihamishwa hapo kwa gwaride kubwa na kupelekwa makumbusho mengine jijini.

*Mogamma:* Jengo la ghorofa 14 lililokuwa na ofisi za serikali. Ukitaka pasipoti, kibali au cheti, lazima ungepita hapo, na njoo-kesho zake zilikuwa maarufu kiasi cha kutengenezewa filamu ya vichekesho mwaka 1992, aliyoigiza Adel Imam. Ofisi zimeshahamishwa, na mpango ni jengo liwe hoteli.

*Msikiti wa Omar Makram:* Una jina la kiongozi aliyehamasisha watu wa Cairo dhidi ya jeshi la Napoleon. Watu wengi maarufu husaliwa hapa wanapofariki.

*Kituo cha Sadat:* Kiko chini ya uwanja, na njia mbili za treni ya mjini hukutana hapo. Kilifungwa Agosti 2013 kwa sababu za usalama, kikafunguliwa tena Juni 2015. Karibu miaka miwili abiria walipitishwa bila kushuka.

Siku 18

Januari 25, 2011, maandamano yalianza dhidi ya Hosni Mubarak, aliyekuwa madarakani tangu 1981. Watu walilala uwanjani, wakapika, wakatibiana, Waislamu wakaswali huku Wakristo wakiwalinda. Februari 2 walivamiwa na wafuasi wa rais, wengine wakiwa juu ya farasi na ngamia. Februari 11 Mubarak akaachia ngazi. Nchi nzima, zaidi ya watu 800 walikuwa wamepoteza maisha.

Mwaka 2013 umati ulijaa tena, safari hii ukimpinga Mohamed Morsi, na jeshi likamwondoa Julai 3. Novemba mwaka huo huo ikaja sheria inayoyabana maandamano. Tahrir ikanyamaza.

Nini kiko katikati ya kipilefti?

Hapa ndipo utaona uzito wa uwanja huu. Farouk alijenga jukwaa la kuweka sanamu ya babu yake, Ismail. Mapinduzi yakamkuta, na jukwaa likabaki tupu miaka mingi mpaka lilipoondolewa wakati wa ujenzi wa reli ya chini.

Novemba 2013 serikali ilizindua mnara wa kuwakumbuka waliokufa kwenye mapinduzi. Haukumaliza hata siku mbili, waandamanaji wakauharibu. Walisema wanaojenga mnara ndio hao hao waliohusika na vifo. Mwaka 2015 ikasimikwa nguzo ndefu ya bendera. Mwaka 2020 ikaja zamu ya mnara wa jiwe wa Farao Ramses II, pamoja na sanamu nne za kale zenye mwili wa simba na kichwa cha kondoo dume, zilizotolewa Karnak.

Leo watalii wanapiga picha, taa zinawaka vizuri usiku, na ulinzi ni mkali. Farao wa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita amepata nafasi katikati. Vijana wa 2011 bado hawajapata.