Mtutu Uliogeuka Bomba: Chimbuko la Bomba Jembamba la Chuma Nchini Uingereza, 1792–1825

Historia ya taa za gesi nchini Uingereza husimuliwa mara nyingi kama historia ya wavumbuzi. William Murdoch aliangaza nyumba yake mjini Redruth kwa gesi ya makaa ya mawe mwaka 1792. Frederick Albert Winsor akawasha taa katika mtaa wa Pall Mall, London, mwaka 1807. Na mwaka 1812 Gas Light and Coke Company ikapata hati ya kifalme. Masimulizi hayo ni sahihi, lakini yanaruka swali moja la msingi: gesi hiyo ilifikaje ndani ya nyumba? Insha hii inatetea hoja kwamba bomba jembamba la chuma halikuanzia katika wazo la mvumbuzi. Lilianzia katika karakana za wahunzi wa bunduki, ambao tayari walikuwa na kitu kilichohitajika.

Mabomba makubwa ya barabarani hayakuwa na tatizo hilo. Yalitengenezwa kwa chuma cha kumimina, kama yale ya maji. Ugumu ulikuwa katika mabomba ya kupanda ukutani na kuifikia taa. Chuma cha kumimina ni kigumu lakini huvunjika kwa urahisi, na si rahisi kukimimina kiwe na tundu refu na jembamba. Risasi hupindika, na moto ukizuka huyeyuka upesi. Kilichotakiwa ni bomba la chuma cha kufua, lenye tundu lisilofika inchi moja na ukuta mnene. Unene huo haukudaiwa na msukumo wa gesi, kwani msukumo wake ni mdogo sana. Ulidaiwa na maungio: ili mabomba mawili yaunganishwe pasipo kuvuja, ncha zake hukatwa hesi, na hesi hula sehemu ya ukuta. Ukuta mwembamba ungekatika.

Mtutu wa gobore ulitimiza masharti hayo yote. Gobore la jeshi la Uingereza lilikuwa na tundu la takriban inchi 0.75, yaani milimita 19, na mtutu wake ulikaribia urefu wa mita moja. Wahunzi wa Birmingham na Wednesbury waliutengeneza kwa kupasha moto bamba la chuma, kulikunja juu ya fimbo ya chuma na kugonga kingo zake kwa nyundo hadi zishikamane. Kisha tundu likakerezwa. Aidha, mtutu ulijaribiwa kwa kufyatuliwa ukiwa na baruti nyingi kuliko kawaida, na mwaka 1813 Birmingham ilipata nyumba yake ya majaribio kwa sheria ya Bunge. Mtutu uliopita jaribio hilo ulikuwa umeshathibitika kwamba hauna ufa. Kwa fundi wa gesi, hiyo ilikuwa dhamana ambayo hakuna bomba jingine lililompa.

Wingi wake nao ni sehemu ya maelezo. Kati ya 1804 na 1815, Birmingham ilitoa zaidi ya mitutu milioni 3 kwa ajili ya serikali. Vita dhidi ya Napoleon vilipokwisha, mahitaji ya bunduki yaliporomoka, na mafundi wakaunganisha mitutu isiyohitajika kuwa njia za gesi. Hata hivyo, tusiifanye amani kuwa chanzo pekee. Taa za Pall Mall ziliwaka miaka minane kabla ya amani hiyo. Hitaji lilikuwapo tayari. Amani iliacha shehena ya mitutu, na pia mikono iliyojua kuitengeneza.

Njia hiyo ilikuwa na mipaka yake. Kila baada ya mita moja palihitajika kiungo, na kila kiungo ni mahali panapoweza kuvuja. Tena mtutu ni mnene upande wa baruti na mwembamba mdomoni, hivyo ncha zake mbili hazikuweza kukatwa hesi kwa namna moja. Mwaka 1825 Cornelius Whitehouse wa Wednesbury alipata hataza ya kuvuta bamba lililopashwa moto kupitia tundu la duara, kingo zikabanwa na kushikana bila fimbo ya ndani wala nyundo. Hataza hiyo ilitumiwa na James Russell, mwenye kiwanda cha mabomba mjini humo. Si jambo la kubahatisha kwamba hatua hiyo ilipigwa katika mji wa wahunzi wa mitutu.

Ushahidi wa asili hiyo umebaki katika lugha na katika vipimo. Mafundi wa Uingereza waliendelea kuliita bomba la gesi kwa jina lile lile la mtutu. Bomba la chuma nalo likaendelea kutajwa kwa upana wa tundu lake. Ndiyo maana hadi leo fundi bomba wa Dar es Salaam huomba bomba la nusu inchi na kupewa lenye upana wa nje wa takriban milimita 21. Anayesoma orodha ya hataza peke yake hataielewa tofauti hiyo. Ataielewa anayeanza na mhunzi, nyundo yake, na kitu kilichokuwa tayari mkononi mwake.