Kupumzisha Ziwa Tanganyika: Umri wa Samaki na Uamuzi wa Raia

Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, uvuvi ulisimamishwa katika Ziwa Tanganyika kufuatia makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka: Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Serikali ya Tanzania iliita hatua hiyo kupumzisha ziwa. Mjadala wa hatua ya namna hii kwa kawaida hugawanyika haraka kati ya wanaosema sheria ifuatwe na wanaosema watu watakula nini. Hoja zote mbili ni nzito, lakini hakuna hata moja inayoweza kupimwa bila kujua samaki anayezungumziwa huishi muda gani, huzalia wapi na hukomaa lini. Ninachodai hapa ni kwamba katazo moja la miezi mitatu, likitua juu ya samaki wenye maisha tofauti, huwa sawa na sheria kadhaa tofauti. Na raia asiyeijua tofauti hiyo hawezi kuiunga mkono sheria kwa haki wala kuipinga kwa haki.

Tuanze na dagaa, kwa kuwa ndiye anayebeba uchumi wa mialo ya Kibirizi, Katonga na Ujiji, mkoani Kigoma. Dagaa wa maji ya wazi, anayejulikana kitaalamu kama Stolothrissa tanganicae, hatagi kwenye mchanga wala kwenye majani. Huyaachia mayai majini, mbali na ufuko, nayo huanza kuzama polepole huku kijusi kikikua ndani yake. Kina cha ziwa hufika mita 1,470 hivi, lakini oksijeni inapatikana katika tabaka la juu tu, lisilozidi sana mita 100 hadi 200. Chini ya hapo samaki hawezi kuishi. Kwa hiyo yai lina takriban siku moja na nusu ya kuanguliwa kabla halijazama mno. Wanaosalimika husogea karibu na ufuko wakiwa wadogo, kisha hurudi maji makuu wakishakua, na maisha yao yote ni ya mwaka mmoja au zaidi kidogo. Kwa kiumbe wa umri huo, miezi mitatu ni sehemu kubwa ya uhai: dagaa aliyefika nusu ya ukubwa wake mwezi Mei anaweza kuzaa kabla hajakutana tena na taa za wavuvi. Ila faida hiyo haiwekwi akiba. Dagaa asiyevuliwa ataliwa na samaki wawindaji kama migebuka au atakufa kwa umri, na ziwa likifunguliwa kwa nyavu za macho madogo mno, kizazi kilichookolewa kinaweza kuvuliwa kabla nacho hakijazaa.

Kwa kuhe, samaki mwingine wa ziwa hili, mambo ni mengine kabisa. Huyu hujenga kiota mahali pasipo na kina kirefu, na dume na jike hulinda watoto wao pamoja kwa wiki nyingi; watafiti wengi wanaamini kwamba huzaa mara moja tu maishani. Kokoro, yaani wavu wa kukokotwa, likiburutwa juu ya kiota hicho, wazazi hawana nafasi ya pili. Anayevuliwa Septemba kabla ya kuzaa hakuachiwa chochote na katazo lililoisha Agosti. Sangara naye huchukua miaka kukomaa, na makinda yake hujificha kwenye mimea ya ufukweni. Kwa samaki hawa wawili, kulinda mazalia mwaka mzima kuna maana kubwa kuliko kufunga ziwa zima kwa msimu mmoja.

Wapo watakaosema kwamba wavuvi wanayajua haya bila kufundishwa. Kwa sehemu kubwa ni kweli: mvuvi wa Ujiji anajua kwa nini mbalamwezi humharibia kazi na kusi humletea nini. Hata hivyo, yai linalozama gizani halionekani kutoka kwenye mtumbwi, na hapo maabara na mwalo vinahitajiana. Pingamizi la njaa ni zito zaidi, nami silitafutii njia ya kulikwepa. Kujua umri wa dagaa hakumlishi mtu, na mama anayeanika dagaa kwenye vichanja hupoteza kipato cha miezi mitatu kamili. Lakini elimu hii ndiyo inayompa haki ya kuuliza kwa nini katazo linamgusa yeye wa dagaa kwa uzito uleule linaomgusa mwenye kokoro, na faida itamfikia nani ziwa likifunguliwa.

Pingamizi la tatu linatokana na sayansi yenyewe. Utafiti wa matope ya sakafu ya ziwa uliochapishwa mwaka 2016 na Andrew Cohen na wenzake ulionyesha kwamba samaki walianza kupungua kabla ya uvuvi wa kibiashara kushamiri, kwa sababu maji yenye joto juu hayachanganyiki vizuri na maji yenye rutuba ya chini. Je, basi kufunga ziwa ni kazi bure? Sioni hivyo. Ziwa linalozalisha kidogo hufanya kila samaki anayevuliwa kabla ya kuzaa kuwa hasara kubwa zaidi. Ila utafiti huo unamzuia yeyote kuahidi kwamba likizo ya miezi mitatu itarudisha mavuno ya zamani, na raia anapaswa kuikataa ahadi hiyo akiisikia. Kabla ya katazo lolote jingine, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, yenye kituo chake Kigoma, ibandike kwenye kila mwalo vipimo vya urefu wa dagaa, migebuka na kuhe waliovuliwa kabla na baada ya kufunga, kila aina peke yake, na wenye vyombo na waanikaji wavijadili kabla tarehe hazijapangwa.