Milele, Daima na Mulembe: Historia Fupi ya Maneno ya Kutokuwa na Mwisho

Mwanafunzi wa Busia au Tororo akitakiwa aeleze jambo lisilo na mwisho katika insha, aghalabu hukimbilia neno moja tu: milele. Foleni ya malori Malaba ni ya milele, mvua ya masika ni ya milele, hata njaa ni ya milele. Kisarufi hakuna kosa, lakini msomaji hauhisi urefu wowote. Makala haya yanadokeza maneno ya aina hii yametoka wapi, na kwa nini historia yake inamfaa mwalimu wa eneo letu la Masaba.

Tuanzie pwani. Watunzi wa mwambao walipokea kutoka Kiarabu maneno kama daima, abadi, dahari na dawamu, na mengine yakapata kazi zake maalumu. Daima hueleza jambo lisilokatika. Abadan hupenda kuandamana na ukanushi, kama vile "sitarudi abadan". Daima dawamu hutia mkazo. Wingi huu uliwafaa washairi katika vina na mizani. Hata hivyo, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, alipata nguvu yake kubwa kwingine. Aliyaonyesha majumba ya fahari ya Pate yakiwa magofu. Kwa kutaja vitu vilivyokwisha, alimfanya msomaji atafakari kisichokwisha.

Baadaye tafsiri za Biblia, kuanzia kazi ya Edward Steere huko Zanzibar katika karne ya 19 hadi Biblia ya Muungano ya 1952, zililizoesha neno milele kwenye mambo ya uzima na ufalme wa Mungu. Ndiyo sababu neno hilo lina sauti ya mimbari. Ukilipachika kwenye foleni ya malori, linapwaya.

Huku kwetu bara mambo yalikuwa tofauti. Semei Kakungulu na maajenti wake Waganda walipoingia mashariki ya Uganda karibu na mwaka 1900, Kiganda kilienea katika utawala na kanisani. Biblia ya Kiganda ilikuwa imekwisha kukamilika mwaka 1896. Kiganda husema emirembe n'emirembe, yaani zama juu ya zama. Neno hilo hilo, mirembe, ni amani pia. Nalo ni ndugu wa mulembe, salamu ya Wamasaba na ya Wabukusu ng'ambo ya mpaka. Kijaluo, jamaa wa karibu wa Kidhopadhola cha Tororo, husema nyaka chieng', yaani hadi jua. Lugha moja huhesabu zama, nyingine hulielekezea jua kidole. Zote mbili hueleza umilele kwa kitu ambacho mtu anaweza kukiwaza.

Waandishi wa kisasa wa Kiswahili nao wanaijua mbinu hii. Euphrase Kezilahabi aliiita riwaya yake ya 1991 Mzingile, jina linalomleta msomaji kwenye njia inayojizungusha bila kutokea. Jina la kitu limefanya kazi ya kielezi.

Hebu tulinganishe. "Dereva alingoja milele" ni taarifa tu. "Dereva alingoja, akangoja, jua likachwa, likacha, likachwa tena" ni urefu wenyewe. Kiambishi -ka- na urudiaji vimebeba mzigo. Vivyo hivyo "lori nyuma ya lori", "siku nenda siku rudi" na "kila uchao".

Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likakubali kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Hivyo basi, wanafunzi wengi watakuja kwetu na mulembe na jua lao mdomoni. Tukiyafuta kwa kalamu nyekundu "zama kwa zama" au "hadi jua lizimike" kwa hoja kwamba si Kiswahili cha pwani, tutawaachia neno moja lililochoka.

Walimu wenzangu, jaribuni zoezi hili: mwanafunzi aandike aya moja kuhusu foleni ya mpakani bila kutumia milele, daima wala isiyo na mwisho. Kisha asome kwa sauti, na darasa liseme kama limechoka kungoja.