Kisu cha fundi bingwa kwa bei ya kiwandani: Unalipia nini hasa?

Mwaka 1953, baharia Mmarekani Bob Loveless aliingia duka la Abercrombie & Fitch jijini New York akitaka kisu cha Randall. Akaambiwa asubiri miezi 9. Hakusubiri. Alichukua springi ya gari kuukuu, akajitengenezea chake.

Baadaye foleni ikahamia kwake. Loveless alifariki 2010, na leo kisu alichokitengeneza kwa mkono wake kinauzwa maelfu ya dola. Nani atachuna mnyama na kitu cha bei hiyo?

Hapo ndipo viwanda vinapoingia. Kampuni inaingia mkataba na fundi, inachukua umbo la kisu chake kisichokunjwa na kulizalisha kwa wingi. Schrade ya Marekani ilifanya hivyo na Loveless.

Unacholipia ni lile umbo. Kisu cha uwindaji kilichompa Loveless jina kina mgongo unaoshuka taratibu hadi nchani. Inaonekana ni kitu kidogo, lakini ukipasua tumbo la mnyama, ncha ya namna hiyo haitoboi utumbo ovyo na kuharibu nyama. Mashine inaweza kunakili faida hiyo vizuri tu.

Mfano mwingine ni Bill Moran, mhunzi wa Maryland aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa American Bladesmith Society mwaka 1976. Visu vyake alivifua kwa moto na nyundo, na wateja walisubiri miaka. Spyderco ikatoa toleo lake: chuma cha VG-10 kisichoshika kutu kirahisi, kutoka Japani, mpini wa plastiki ngumu wenye vipande vya mpira, na ala ya plastiki. Kwa macho, hakivutii kihivyo. Lakini ni chepesi, hakitelezi mkono ukiwa na damu au maji, na kikipotea porini hutalia sana.

Unachokosa ni mkono wa fundi mwenyewe: mbao alizochagua, mpini uliochongwa kufuata kiganja chako, chuma alichokipasha na kukipoza kwa jicho lake. Kama unanunua ili uje kuuza kwa faida, sahau, tafuta kile halisi.

Kabla ya kulipa, soma maandishi kwenye bapa. Jina la fundi peke yake halitoshi. Angalia pia jina la chuma, maana kampuni inayojiamini huliandika wazi. Kisha shika mpini na uone ala inabana kiasi gani, kwa sababu mara nyingi viwanda hubana matumizi kwenye ala.

Na ukiona tangazo linasema "mtindo wa Loveless", shtuka kidogo. Mara nyingi hiyo ni kopi tu, na aliyebuni hakuambulia hata senti.